Tafadhali Endelea

"Mwanangu, umenivisha kinyume."

"Mama, twende. Nachelewa kazini."

"Nasema ndara zimegeuka. Ya kulia umeitia mguu wa kushoto."

"Ni hapo mezani tu, mama. Twende hivyo hivyo."

Bi mkubwa akapiga hatua moja, ndara ikajikunja chini ya unyayo, na kama binti yake hangemdaka kwapani wangekuwa wanaokotana sakafuni kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa jana yake, bafuni, asubuhi kama hii. Ndiyo maana goti la bi mkubwa lilikuwa limevimba, na ndara zilihitaji mtu wa kuzivisha.

"Wanakuita daktari wa kusikiliza watu!" bi mkubwa alifoka, huku akijishikilia kwenye kitasa cha mlango. "Mimi nakwambia kiatu kimegeuka, wewe unaniambia twende. Huko kazini unasikiliza nini, redio?"

Binti alikuwa bado amechuchumaa na ndara moja mkononi. Kulia kushoto. Zimegeuka. Maneno hayo alikuwa ameyasikia jana kwa mtu mwingine, na jibu alilompa lilikuwa na adabu nyingi na faida sifuri, sawa na hili alilompa mama yake.

"Mama," alisema, "nisamehe." Akamvisha upya, akamkalisha mezani, akamwekea chai karibu, akatoka mbio bila hata kunywa yake.

Yeye alikuwa mwanasaikolojia wa chuo cha marubani. Kazini walimwita Daktari, na kwa ajili ya jina hilo wapishi wa kantini walikuwa wakimletea vifua vyao na matumbo yao, mpaka akachoka kueleza kwamba yeye hatibu kikohozi. Kazi yake ilikuwa kuwapima vijana wanaotaka kurusha ndege: nani ana kichwa kinachotulia mambo yakiharibika, nani mikono yake inasikilizana na macho yake, nani akibanwa anavurugika. Aliipenda kazi hiyo na aliiheshimu. Pengine aliiheshimu mno, tutaona.

Kati ya majaribio yake kulikuwa na moja ambalo watahiniwa waliliogopa kuliko yote. Mtu anakaa peke yake kwenye chumba kidogo cha kioo, hedifoni masikioni, usukani mikononi, pedali mbili miguuni. Usukani ni wa kuzuia kidoti kisitoroke katikati ya duara kwenye skrini. Wakati huo huo, mlio ukisikika sikio la kulia anakanyaga pedali ya kulia. Ukisikika la kushoto, anakanyaga ya kushoto. Akikosea, skrini inawaka nyekundu. Ndiyo hivyo tu, ila milio inaongeza kasi mpaka mtu anasahau jina lake. Kabla ya kuanza, sauti iliyorekodiwa inamwambia, "Huu ni upande wa kulia," kisha, "Huu ni upande wa kushoto," ili azoee.

Jana, aliyekuwa kwenye kiti hicho alikuwa Namba Tisa. Chuoni hapo watahiniwa waliitwa kwa namba, mpimaji asije akavutwa na jina la ukoo au la mtu mkubwa. Namba Tisa alikuwa msichana mwembamba mwenye vidole virefu, na alikuwa amefika ukingoni mwa umri. Chuo hakikupokea mtu aliyeuvuka, na mwakani angekuwa ameuvuka. Akikosa safari hii, ndiyo basi tena, ndege ataziona zikimpita juu ya kichwa.

Sauti iliyorekodiwa ilipomaliza kusema, msichana aliinua mkono.

"Samahani, Daktari. Sauti zimegeuka. Ya kulia inatokea kushoto."

Daktari alikuwa upande wa pili wa kioo, na kipaza sauti mbele yake. Mwongozo wa jaribio unamkataza mpimaji kutamka neno lolote lisiloandikwa humo, ili kila mtahiniwa apate kile kile alichopata mwenzake. Si sheria ya kipuuzi. Aliwahi kuona wapimaji wenye huruma wakinong'ona vidokezo kwa kila mtoto mwenye macho ya kulengwalengwa, na mwisho wake hawakujua wamempima mtoto au wameipima huruma yao. Isitoshe, watahiniwa wana maneno. Kiti kinachoma. Usukani una jasho la mwenzangu. Mmoja alidai feni inamtazama vibaya. Kwa hiyo Daktari alibonyeza kitufe, akasema sentensi iliyoandikwa:

"Tafadhali endelea na jaribio."

Msichana aliendelea. Alifanya alivyoelekezwa, mlio wa kulia mguu wa kulia, wa kushoto mguu wa kushoto, na skrini ikamwakia nyekundu mwanzo hadi mwisho. Na Daktari, huyu huyu aliyeheshimu kazi yake, akaandika chini ya alama zake: *Hutafuta visingizio anapobanwa.*

Sasa alikuwa anaendesha gari na maneno hayo yanamchoma. Adhuhuri ya siku hiyo ndiyo majina ya waliochaguliwa yangesomwa mbele ya wazazi. Na chuo kile kilikuwa na mila yake moja: jina likishasomwa limesomwa, na ambalo halikusomwa halitasomwa.

Alimkuta fundi kwenye chumba cha vifaa, anakunja waya. Hakumsalimia. Alichukua hedifoni, akahakikisha alama nyekundu iko kulia, akavaa, akawasha.

"Huu ni upande wa kulia," sauti ikamwingia sikio la kushoto.

Aliivua, akaivaa tena, kama mtu anayetumaini kwamba masikio yake ndiyo yaliyokosea. Sikio la kushoto, tena.

"Fundi. Uliigusa hii?"

"Juzi jioni, Daktari. Plagi ilikuwa imelegea, nikailehemu upya. Waya zenyewe zote rangi moja." Uso wa fundi ulianza kubadilika. "Kwani vipi? Nilijua utaisikiliza asubuhi kabla hawajaingia. Kama kawaida yako."

Kama kawaida yako. Hapo ndipo palipouma. Mpimaji anatakiwa kuvaa hedifoni mwenyewe kila asubuhi kabla ya mtahiniwa wa kwanza, kisha atie alama kwamba amekagua. Miaka yote alifanya hivyo. Jana alifika akitweta, nguo zimelowa maji ya bafuni, moyo umebaki kwa mama yake aliyeanguka, na watahiniwa wamekwisha jipanga kwenye korido. Alitia alama. Hakusikiliza.

"Unaweza kuirudisha sawa sasa hivi?"

"Naweza, lakini plagi yenyewe imechoka, nakwambia ukweli. Tungengoja mpya."

"Hakuna nyingine?"

"Zilizopo ni za kusikilizia muziki."

"Basi irudishe," alisema Daktari. Alipanda ngazi kwenda kwa Kapteni.

Kapteni alikuwa rubani mstaafu, mkuu wa kamati ya uchaguzi, mtu mpana mwenye sauti ya kutangazia abiria. Alikuwa dirishani akiangalia familia zikishuka kwenye magari.

"Nafuta jaribio la jana," Daktari alisema hata kabla ya kukaribishwa kiti. "La watahiniwa wote. Lirudiwe leo."

Kapteni alicheka. Alipoona amecheka peke yake, aliacha.

"Daktari, hebu sogea hapa. Unamwona yule mama? Amekuja na maua makubwa kuliko mtoto wake. Nikamwambie nini?"

"Hedifoni ilikuwa imegeuka. Kulia kushoto. Sikukagua."

"Imegeuka kwa wote?"

"Kwa wote."

"Sasa tatizo liko wapi? Wote wamenyeshewa mvua moja. Aliyefaulu amefaulu."

Hoja hiyo Daktari aliijua. Alikuwa ameijaribu mwenyewe ndani ya gari, akaona inamkaa vizuri, na ndiyo maana akaiogopa.

"Sijui kila mmoja alifanya nini mle ndani, Kapteni. Kipimo kikishaharibika, sijui tena kimepima kitu gani. Siwezi kutia sahihi kwamba huyu anafaa na huyu hafai."

"Kuna mtu unayemtetea?"

"Yuko mmoja aliyeumia zaidi."

"Basi mwite huyo peke yake, mpime kimyakimya, yaishe."

"Nikimpa peke yake nitakuwa nimempendelea. Ni wote au hakuna."

Kapteni aligeuka. Shingo ilikuwa imeanza kumvimba.

"Na baraza la taaluma yenu litakusikia unasema hukukagua na ulitia alama umekagua. Unajua watakufanya nini?"

"Barua yao naiandika leo." Aliogopa, tusimpambe. Leseni ile aliisotea ujana wake wote, na nyumbani kulikuwa na mama mwenye goti lililovimba. "Wakiichukua leseni, wataichukua."

"Unaniharibia siku, dada yangu. Unajiharibia na wewe. Kwa kitu ambacho hakuna aliyekijua!"

"Kuna aliyekijua. Mtahiniwa. Aliniambia jana, kabla ya mlio wa kwanza."

"Alikuambia?"

"Alisema sauti zimegeuka, ya kulia inatokea kushoto."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Tafadhali endelea."

Kapteni alikwenda kwenye kiti chake akakaa taratibu, na ile sauti ya kutangazia abiria haikusikika tena.

"Mtu amekaa pale, anakwambia chombo kinasoma kinyume. Wewe unamwambia aendelee."

"Ndiyo."

"Halafu ukampa alama mbaya."

"Ndiyo, Kapteni. Na nikaandika kwamba anatafuta visingizio."

Kapteni alimtazama mpaka Daktari akatamani apigiwe kelele tu. Mwishowe alisukuma bahasha ya majina pembeni ya meza.

"Nenda ukawaambie mwenyewe," alisema. "Mimi uso huo sina."

Ukumbini, viti vilikuwa vimejaa. Daktari alisimama mbele, akaeleza bila kuzunguka: kifaa kilikuwa na kasoro, yeye hakukikagua, jaribio limefutwa, litarudiwa mchana huu, majina yatasubiri. Minong'ono ilianza nyuma ikaja mbele. Mama wa maua alisimama.

"Mwanangu alitoka jana anacheka! Alisema amefanya vizuri! Makosa yenu yeye yanamhusu nini?"

"Hayamhusu, mama. Ndiyo maana naomba radhi."

"Radhi itamrudishia bahati yake?"

Daktari aliwageukia watahiniwa, waliokuwa wamekaa safu ya kwanza na nguo zao zilizopigwa pasi.

"Nina swali moja, na jibu lenu halitampa mtu alama wala kumnyima. Jana, ni nani aliyesikia sauti ya kulia kwenye sikio la kushoto?"

Walitazamana. Mkono mmoja uliinuka, mwingine ukafuata, kisha safu nzima. Daktari aliitazama mikono ile. Wote walijua. Siku nzima walipita mmoja mmoja mbele ya kioo chake, wote wanajua, na yeye anaandika.

"Mimi niligeuza miguu," alisema mmoja.

"Mimi nilidhani ni mtego," akasema mwingine. "Nyinyi watu wa saikolojia mnapenda mitego."

Watu walicheka. Kijana wa tai nyekundu, mtoto wa mama wa maua, ndiye aliyekuwa na alama za juu kuliko wote. Aliinuka.

"Mimi niliigeuza hedifoni yenyewe. Nilipomaliza nikairudisha ilivyokuwa." Alisita. "Ulisema tusiongee mle ndani. Nilikosea?"

Hapo palikuwa na kishawishi. Mwingine angesema papo hapo: huyu ni mbinafsi, aliona kasoro akajiokoa peke yake akawaachia wenzake shimo, huyu hafai kukaa na abiria mgongoni. Ingekuwa hadithi tamu. Lakini mtu hapimwi kwa tendo moja la mchana mmoja, na Daktari, aliyempima Namba Tisa kwa sentensi moja jana tu, aliuma ulimi.

"Hukukosea," alimwambia. "Niliyekosea ni mimi."

Safu ile ilikuwa na kiti kimoja kitupu. Namba Tisa hakuja. Mtu aliyeona nyekundu tupu aje kusikiliza nini? Daktari alipiga simu, ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti kavu.

"Mimi ni shangazi yake. Tangu jana amejiinamia kwenye cherehani, haongei, anashona tu. Mmemfanya nini mtoto wa watu?"

"Nilimkosea, shangazi. Naomba umwambie aje. Mwambie alisema kweli."

Nyuma yake ikasikika cherehani inasimama.

Alifika akiwa bado na futi ya kushonea shingoni, amesahau kuivua, na nyuzi zimemganda kwenye mikono ya blauzi. Wenzake walikuwa wameshamaliza. Daktari alimwita kando, akamweleza yote, hakuficha hata ile sentensi aliyoiandika.

"Nimeifuta, na nimeiambia kamati kwa nini. Ulikuwa na haki ya kusikilizwa. Nisamehe."

"Sawa," alisema msichana. Neno hilo moja tu, macho yakiwa kwenye pedali.

Daktari alivaa hedifoni mwenyewe mbele yake, kama alivyofanya mbele ya kila mmoja mchana huo. Kulia kulikuwa kulia, kushoto kushoto. Alimkabidhi, akazunguka upande wa pili wa kioo, akawasha.

Mwanzo ulikuwa mzuri, tena mzuri sana. Kidoti kilitulia katikati ya duara kama kimepigiliwa msumari, na miguu ya msichana ilikwenda na milio bila kubabaika. Daktari alianza kupumua. Ghafla skrini ikawaka nyekundu. Ikatulia. Ikawaka tena.

Aliinama kwenye skrini yake. Kila mlio wa kulia ulijibiwa. Wa kushoto, hakuna. Mguu wa kushoto wa msichana ulikuwa juu ya pedali, umekaza, unangoja, na milio ya kushoto inapita juu yake bila kuguswa. Mara moja msichana alipandisha bega akalibana sikio la kushoto, kisha akalishusha. Jasho lilikuwa linamtiririka. Taya alikuwa amezikaza.

Plagi imechoka, nakwambia ukweli.

Daktari alimtazama mdomo. Jana mkono uliinuka kabla hata jaribio halijaanza. Leo mikono ilikuwa kwenye usukani na mdomo umefungwa kama mfuko ulioshonwa, na nyekundu inawaka, na umri wake wote wa kurusha ndege unateketea pale mbele yake.

"Sema," Daktari alinong'ona nyuma ya kioo, bila kubonyeza kitufe. "Sema, mwanangu. Inua mkono."

Msichana aliendelea.

Daktari alizima mtambo. Alifungua mlango wa kioo akaingia ndani, jambo ambalo mwongozo haukuwa na sentensi yake.

"Unasikia pande zote mbili?"

"Hapana. Kushoto kumekatika."

"Tangu lini?"

"Nilipogeuza shingo kidogo. Pale mwanzo mwanzo."

"Na ukaendelea tu? Mbona hukusema?"

Msichana alivua hedifoni, akaiweka magotini kwa uangalifu, waya wake unaning'inia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Jana nilisema," alijibu.

Ujasiri wa kusema chombo kinapokosea, kitu kile Daktari alichokuwa akikitafuta kwa vijana hawa miaka nenda miaka rudi, kwa usukani na pedali na milio, msichana huyu alikuja nacho jana kikiwa kizima, na yeye alikizima kwa sentensi moja yenye adabu. Hedifoni zinarekebishwa. Hiki hakujua kama kinarekebishika.

Alimwita fundi kwa sauti iliyosikika hadi ukumbini, akamwambia plagi hiyo itupwe, na hakuna jina litakalosomwa mpaka mpya ipatikane, hata ikiwa kesho, hata ikiwa wiki ijayo, na Kapteni akiwa na neno, aje amwambie yeye. Kisha akavuta kiti, akakaa ndani ya kioo, goti kwa goti na msichana.

"Niambie tena," alisema. "Kama jana. Nini kina kasoro?"

Msichana alimtazama muda mrefu, akampima. Ndipo akainua mkono, polepole, nusu tu.